Taarifa kwa Algot

Nimekuja na chupa ya kahawa, Algot,
nikae kidogo hapa kwenye jiwe lako.
Jiwe halikuanguka. Hilo nianze nalo.

Ilizaliwa mbali, wanasema,
huko kusini mwa Grinlandi: hewa ya joto ilikanyaga mguu wa hewa baridi
na hakuna aliyeomba radhi.
Ikazunguka juu ya Atlantiki usiku kucha
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani,
kila mzunguko hasira ikipanda.
Kipimahewa cha baba yako kikashuka.
Nikakigonga kwa ukucha.
Kikashuka tena.

Redioni msichana alitangaza
kama anayesoma bei ya viazi:
jioni, wilaya za ndani, wenye mabanda wafunge.
Nikafunga. Ng'ombe hawakugusa majani.
Ng'ombe wana redio yao.

Na ardhi haikuwa imeganda, ndilo lililotuponza.
Mvua tangu Krismasi, Januari ya matope,
mizizi imeshika uji.
Ungekuwepo ungenuna: baridi isiyokuja kwa wakati
ni deni.

Saa moja na nusu taa ilikonyeza mara mbili, ikatutoka.
Ndipo ukaja.
Garimoshi, Algot, lisilo na behewa la mwisho.
Halafu miti: kwanza mmoja mmoja, ta, ta,
kama mtu avunjaye kuni gotini,
kisha kumi kumi,
kisha niliacha kuhesabu nikaingia chini ya meza ya jikoni na mbwa,
bibi wa miaka sabini na nne,
nikakariri saba mara saba, saba mara nane,
kwa sababu sala zilinitoroka.

Asubuhi nilifungua mlango nikaona kanisa.
Miaka hamsini na moja katika nyumba ile
sijawahi kuliona kanisa kutoka mlangoni.
Misonobari yako yote imelala upande mmoja
kama nywele za mtoto aliyechanwa kwa nguvu.
Uliipanda mwaka aliozaliwa Rickard.
Benki isiyo na karani, ulikuwa ukijigamba.
Sasa kila mtu wa Småland anauza magogo
na hakuna anayenunua.

Siku kumi na tisa bila umeme.
Torvald alikuja kwa miguu, kilomita nne kwa muda wa saa tano,
akipanda juu ya magogo, akitambaa chini yake,
mfukoni betri nne na soseji.
Tulikamua kwa mikono. Vidole vyangu
vilikumbuka kabla yangu mimi.
Lori halikuweza kufika, maziwa tukayamwaga mtaroni,
na theluji, sasa ndiyo ikaja,
ikaanguka nyeupe juu ya nyeupe.

Jesper wa Evald amekufa.
Alikata shina lililopindwa kama upinde
na shina likamrudia kifuani.
Upepo ulikuwa umeondoka siku nane zilizopita,
bado uliacha mkono wake ndani ya mti.
Mkewe aliniuliza kama nina mishumaa ya ziada.
Hilo tu. Nilimpa sita.

Usiku umeme uliporudi niliona nuru ng'ambo,
nikadhani ni gari limekwama.
Lilikuwa dirisha la Torvald.
Miaka yote hiyo tumewashiana taa
na msitu wako katikati, umetunyima habari.
Nikazima yangu, nikawasha.
Baada ya muda yake ikazimika, ikawaka.
Sijui kama ni yeye
au ni nyaya bado zinaumwa.

Rickard anapiga simu kila Jumapili: mama, tupande nini?
Nimemwambia asinikimbize.
Kahawa imepoa. Hii iliyobaki
naimwaga hapa, upande wako,
ambako udongo bado ni laini.